Samadi au chumvichumvi kwenye ndoo? Majaribio yangu yamenichanganya

#1 KopoLaRangi (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Nina ndoo 24 za lita 20, zote nyanya, miche ya kitalu kimoja, nilihamishia siku moja. Ndoo 12 nilichanganya udongo na samadi ya ng'ombe, udongo sehemu mbili, samadi sehemu moja. Ndoo 12 zilizobaki ni udongo uleule bila samadi, halafu kila Jumamosi natia kizibo kimoja cha soda cha chumvichumvi, yaani mbolea ya kiwandani NPK 17-17-17 (naitrojeni, fosforasi na potasiamu), kwa kila ndoo, namwagia maji kama lita mbili, basi.

Wiki tano za mwanzo chumvichumvi haikuwa na mpinzani. Miche imefika kiunoni, majani ya kijani kilichokolea mpaka yanataka kuwa bluu. Upande wa samadi majani ya chini manjano, shina jembamba kama kalamu, nikaanza kujuta. Wiki ya tisa mambo yakageuka. Chumvichumvi kingo za majani zimekauka kama zimepitiwa na pasi, na matunda sita ya kwanza yameoza kitako. Samadi zimeamka, zimekolea rangi, zinabeba.

Nilifundishwa kwamba mmea haujui naitrojeni imetoka kiwandani au bandani. Kama haujui, hiki ninachokiona ni nini? Picha mbili nimeweka hapo chini.

#2 NgojaWaje
Nimevuta kiti. Wajuzi shusheni nondo.

#3 BibiMchicha
Mwanangu, samadi inalisha udongo, udongo unalisha mmea. Chumvichumvi inalisha mmea, udongo unabaki na njaa. Hiyo wiki ya tisa ndiyo njaa ya udongo.

#4 MkemiaMstaafu
Mleta uzi, ulichofundishwa ni sahihi ila kimekatwa katikati. Mzizi hunywa naitrojeni ikiwa naitreti au amoniamu. Naitreti ya kiwandani na iliyotoka kwenye samadi ni kitu kilekile, naitrojeni moja na oksijeni tatu, haina muhuri wa ilikotoka.

Kinachotofautiana ni safari. NPK ukitia leo, muda si mrefu imeshayeyuka kwenye maji ya ndoo. Naitrojeni ya samadi sehemu kubwa imefungwa ndani ya protini na mabaki mengine. Inangoja vijidudu viivunje iwe amoniamu, kisha bakteria kama Nitrosomonas waigeuze kuwa naitriti, kisha wengine wamalizie kuwa naitreti. Hao wote wanataka joto, unyevu, hewa na muda. Shambani mzizi una uwanja mpana wa kutafuta. Ndani ya ndoo hauna pa kwenda, unakula kilichoiva siku hiyo. Wiki zako tano za manjano maana yake jiko lilikuwa halijashika moto.

Bibi #3, kwa heshima zote, "njaa ya udongo" ni lugha tamu lakini haituambii kingo za majani zimekaushwa na nini.

#5 Tundika
Kumbe mzizi hausomi mfuko umeandikwa nini. Mimi mwenyewe sisomi.

#6 Shaba
Mkuu, picha ya pili naona ukuta mweupe nyuma. Mistari miwili imekaaje? Upi uko karibu na ukuta?

#7 DaktariWaNdoo
Tuache nadharia tupige hesabu. Kizibo kikijaa ni kama gramu 5 za punje. Asilimia 17 ya hizo ni miligramu 850 za naitrojeni. Umemwagia lita mbili, kwa hiyo zikiyeyuka zote mzizi unaogelea kwenye miligramu 425 kwa lita. Mchanganyiko wa Hoagland wa maabara, ule ambao watu wa kilimo cha maji bila udongo wanautumia kama kipimo tangu miaka ya 1930, ukiwa na nguvu kamili una takriban 210. Na wengi huupunguza nusu kabla ya kuutumia. Wewe umetia mara mbili ya ule mkali.

Na hiyo ni Jumamosi moja tu. Wiki tisa ni gramu 45. Swali langu ni moja: ukimwagilia, maji yanatoka chini ya ndoo au hayatoki?

#8 KopoLaRangi
Hayatoki. Matundu nimetoboa ubavuni, kama sentimita tano kutoka kwenye kitako, ili maji ya akiba yabaki. Namwagia mpaka udongo ulowane juu, naacha.

#9 DaktariWaNdoo
Basi umetengeneza bwawa la chumvi. Maji yanapanda na kupotea hewani kupitia majani, chumvi haipotei. Kila Jumamosi unaongeza. Shambani mvua inazisukuma chini, kwenye ndoo yako hazina mlango. Angalia juu ya udongo na kwenye ukingo wa ndoo kama kuna ukoko mweupe.

#10 KopoLaRangi
Upo! Nikadhani ukungu. Nilikuwa naukwangua kwa kijiko.

#11 Tundika
Unakwangua mbolea yako mwenyewe 😂

#12 MamaVyungu
Natumia chumvichumvi kwenye vyungu miaka mingi na sijawahi kuunguza jani. Siri ni kuiyeyusha kwanza. Gramu moja ya 20-20-20 kwenye lita moja ya maji inakupa miligramu 200 za naitrojeni, huhitaji kikokotoo. Mimi natia nusu ya hapo kila ninapomwagilia, na namwaga mpaka maji yatoke chini kidogo. Mara moja kwa mwezi napitisha maji matupu mengi, mara mbili ya ujazo wa chungu. Punje za shambani kuzirusha juu ya ndoo ni kumpa mtoto chumvi kwa kijiko.

#13 Mwanagenzi_2
Sasa 17-17-17 si maana yake fosforasi asilimia 17 pia? Hiyo si nyingi sana kwa nyanya?

#14 MkemiaMstaafu
Hapo ndipo wengi wanapigwa. Namba ya kwanza ni naitrojeni kweli. Ya pili imeandikwa kama P2O5 (fosforasi pamoja na oksijeni) na ya tatu kama K2O (potasiamu pamoja na oksijeni), desturi ya zamani ya wakemia. Fosforasi halisi ni 17 mara 0.44, yaani kama 7.5. Potasiamu halisi ni 17 mara 0.83, kama 14. Hata hivyo fosforasi hiyo bado inazidi mahitaji. Nyanya inataka potasiamu nyingi na fosforasi kidogo tu.

Na angalia kisichoandikwa. Hakuna namba ya kalsiamu wala magnesiamu. Shambani udongo unavitoa. Ndoo ya lita 20 inaishiwa.

#15 NyunguNyungu77
Mnamshambulia kwa chumvi mnasahau nusu ya swali. Kwa nini samadi ilidumaa wiki tano? Mkemia kasema jiko halijashika moto. Mimi nasema kuna mtu aliingia jikoni akala chakula. Mleta uzi, hiyo samadi ilikuwa na maranda?

#16 KopoLaRangi
Ilitoka bandani na matandiko yake. Maranda ndiyo, kwa macho karibu nusu. Ilikuwa na rangi ya mbao bado.

#17 NyunguNyungu77
Nilijua. Maranda yana kaboni mamia ya mara kuliko naitrojeni. Vijidudu vikipewa karamu ya kaboni vinataka naitrojeni ya kujengea miili yao, na visipoipata kwenye maranda vinaichukua kwenye maji ya udongo, mbele ya macho ya mmea wako. Kanuni ya mkononi: kaboni ikizidi naitrojeni zaidi ya mara 30, vijidudu vinanyang'anya, ikishuka chini ya mara 20, vinaanza kugawa. Wiki ya sita au ya saba sehemu laini ya maranda ikawa imeliwa, vijidudu vikafa, vikarudisha walichokopa. Ndiyo "kuamka" kwako. Haikuwa samadi kushinda, ilikuwa deni kulipwa.

Samadi inayonusa banda haijawa mbolea. Iive mpaka inuse udongo wa msituni, na ukiiminya isitoe maji machafu.

#18 MkemiaMstaafu
#17 anasema kweli lakini asipite kiasi. Samadi yenyewe bila maranda nayo ingechelewa. Ni mambo mawili kwa pamoja, huwezi kuyatenganisha kwa kuangalia majani.

#19 NyunguNyungu77
Unaweza. Rangi ya maranda inatosha.

#20 SautiYaMajani
Niongeze kisa, maana wote mnadhani samadi kosa lake ni kuchelewa tu. Msimu mmoja nilipata samadi ya farasi iliyoiva vizuri, nyeusi, haina harufu. Nikajaza vyungu 30. Wiki mbili tu nyanya zikaanza kujikunja ncha, majani yakawa membamba yamejisokota kama mkia wa nguruwe. Nikadhani virusi. Nikang'oa zote, nikachoma, nikapanda tena kwenye mchanganyiko uleule. Yakarudi yaleyale.

Ilikuwa dawa ya magugu, kundi la aminopiralidi. Inapigwa kwenye majani ya malisho, mnyama anakula, inapita tumboni kama ilivyo, inakaa kwenye samadi, na hata kuoza hakuimalizi upesi. Nyasi haziumii, ila nyanya, maharage na jamaa zao zinaumia kwa kiasi kidogo mno. Siku hizi kabla ya kutumia samadi ya mtu napanda maharage kwenye vikopo vitatu vya samadi na vitatu vya udongo mtupu, nangoja wiki tatu. Yakijikunja, samadi inarudi ilikotoka.

#21 KopoLaRangi
Zangu hazikujikunja, zilikuwa manjano tu, kuanzia chini. Lakini nimeogopa, hilo la vikopo nitalifanya.

#22 DaktariWaNdoo
Manjano kuanzia chini ni naitrojeni. Mmea unaihamisha kutoka majani ya zamani kwenda machanga. Ingekuwa chuma, manjano yangeanzia juu na mishipa ingebaki kijani. #17 ana pointi.

#23 BibiMchicha
Mmeandika mengi ila hakuna aliyenijibu kuhusu udongo. Ndoo za chumvichumvi udongo wake baada ya misimu miwili unakuwa mgumu kama tofali. Za samadi unaingiza kidole mpaka mwisho. Nimefanya kwa mikono yangu, sikusoma.

#24 MkemiaMstaafu
Bibi, hapo uko sahihi na nakuombea radhi kwa #4. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza, kuna shamba la ngano linaloitwa Broadbalk, jaribio lake lilianza 1843. Vipande vingine hupewa samadi tani 35 kwa hekta kila mwaka, vingine chumvichumvi peke yake. Kwa miongo mingi mavuno yalikaribiana kabisa. Lakini kaboni ya udongo kwenye samadi imepanda zaidi ya maradufu ya kule kwingine. Kwa hiyo mshindi anategemea unapima gunia au unapima udongo.

#25 Mwanagenzi_2
Hapo si ndipo yule Liebig alipovumbua kanuni ya pipa, kwamba ubao mfupi ndio unaoamua maji yaishie wapi, yaani kirutubisho kilichopungua zaidi ndicho kinachoamua mmea ukue kiasi gani?

#26 MkemiaMstaafu
Hapana. Liebig alikuwa Mjerumani, kitabu chake cha kemia ya kilimo kilitoka 1840. Rothamsted ilikuwa ya Lawes na Gilbert, na walibishana na Liebig miaka mingi, kwa sababu yeye aliamini mimea inapata amonia ya kutosha kutoka hewani, wao wakaonyesha ngano bila naitrojeni inakonda. Na hiyo kanuni Liebig aliitangaza tu. Carl Sprengel aliandika wazo hilo mapema zaidi, miaka ya 1820.

#27 Shaba
Broadbalk ni shamba, si ndoo. Ndani ya ndoo samadi tani 35 huna pa kuziweka. Na swali langu la #6 bado liko pale.

#28 MzeeWaMboji
Ningependa watu waache neno "kemikali" kama tusi. Urea iliyo ndani ya mkojo wako na urea ya kwenye mfuko ni molekuli ileile. Mkemia Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828 na watu wakashangaa, maana waliamini kitu cha mwili hakiwezi kutengenezwa bila mwili. Potasiamu ya kwenye mfuko wa "kiwandani" nyingi inachimbwa ardhini, chumvi ya bahari zilizokauka zamani. Fosforasi ni mwamba uliomwagiwa asidi. Cha kiwandani hasa ni naitrojeni: hewa na gesi asilia, digrii 400 na zaidi, mgandamizo mkubwa. Haber aliionyesha 1909, Bosch akaifanya kiwanda kule Oppau mwaka 1913.

Na mimi ni mtu wa mboji, jina langu mnaliona. Sisemi haya kuipigia debe chumvichumvi.

#29 Tundika
Umetaja mkojo. Nilikuwa nangoja nani ataanza.

#30 MzeeWaMboji
Unafanya kazi mdogo wangu. Sehemu moja kwa maji kumi, kwenye udongo si kwenye majani, na usirudie kila siku. Una naitrojeni nyingi, na una chumvi ya kawaida pia, kwa hiyo kwenye ndoo isiyotoa maji utarudi kwenye bwawa la #9.

#31 MamaVyungu
Na usimwage majivu siku hiyohiyo. Majivu yana uchachu kinyume, yanapandisha pH, amonia inaruka hewani. Mtasikia harufu mpaka majirani wahame.

#32 Mwanagenzi_2
Uchachu kinyume ndiyo nini dada?

#33 MamaVyungu
Alkali. Nilisahau neno.

#34 PilipiliKichaa
Mimi natumia maji ya maganda ya ndizi, nimeloweka wiki moja. Pilipili zangu zinacheka. Hakuna mfuko wala samadi.

#35 DaktariWaNdoo
Maganda yana potasiamu, na sehemu inatoka kwenye maji, hilo sikatai. Naitrojeni je? Karibu hakuna. Udongo wako ulikuwa na akiba, ganda likachukua sifa. Panda pilipili moja kwenye mchanga mtupu uiloweshe maji ya ndizi peke yake, utuletee picha.

#36 PilipiliKichaa
Wivu tu.

#37 NyunguNyungu77
Na hayo maji yakikaa wiki bila hewa yananuka kwa sababu vijidudu vya aina nyingine vimeshika usukani. Kibaya zaidi ni wale wanaotia molasi kwenye "chai ya samadi" ili "kuamsha bakteria wazuri". Sukari haichagui, hata bakteria wa kuharisha wanaamka. Ukimwagia majani utakayoyala bila kupika, shauri yako.

#38 SautiYaMajani
Kwa hilo Marekani, kwa wanaolima kwa cheti cha kilimo hai, kuna kanuni ya samadi mbichi: siku 120 kabla ya kuvuna kama sehemu inayoliwa inagusa udongo, siku 90 kama haigusi. Nyanya iliyofungwa kwenye kijiti ni 90. Kwa nyanya fupi ya ndoo hiyo ni karibu maisha yake yote.

#39 Shaba
Na mjue Umoja wa Ulaya mboga kama hizi za kwenye ndoo hazipewi cheti cha kilimo hai hata ukizilisha mboji ya dhahabu. Sheria yao inataka mizizi iwe kwenye udongo ulioungana na ardhi ya chini, isipokuwa mimea inayouzwa ikiwa ndani ya chungu chake. Marekani wanaruhusu vyombo, na watu wamefikishana mahakamani kwa hilo. Kwa hiyo hata neno "hai" linategemea umesimama wapi.

#40 BibiMchicha
Cheti si kitu. Onjeni. Nyanya ya samadi ni tamu, ya chumvichumvi ni maji.

#41 MkemiaMstaafu
Bibi, hapa nitakuudhi tena. Utamu wa nyanya unapanda mmea ukibanwa maji kidogo, na unapanda pia chumvi ikizidi kwenye udongo. Wakulima wa vitalu wanajua, wengine wanapandisha chumvi makusudi ili tunda liwe dogo na tamu. Kwa hiyo nyanya tamu kuliko zote kwenye uzi huu huenda ni ile iliyobaki mzima kwenye bwawa la mleta uzi.

#42 KopoLaRangi
Nimeonja sasa hivi kwa ajili yenu. Moja ya kila upande. Ya chumvichumvi ni ndogo, na kweli ni tamu zaidi. Sikutaka kuandika hili.

#43 BibiMchicha
Moja tu si kuonja.

#44 Tundika
Bibi kaingia sayansi 😂 sasa anataka sampuli.

#45 Mwanagenzi_2
Kitako kuoza hamjamaliza. Nilisoma ni kalsiamu, unasaga maganda ya mayai unatia.

#46 MamaVyungu
Maganda ya mayai kwenye udongo usio na asidi yanakaa miaka. Nimeyakuta kwenye chungu cha zamani yana kona zake bado. Ukiyasaga kuwa unga laini afadhali, ila hayataokoa tunda la wiki hii.

Kalsiamu haihamishwi kutoka jani kwenda tunda, inasafiri na maji yanayopanda tu. Jani linapumua sana, linavuta maji mengi, linapata kalsiamu nyingi. Tunda limefunikwa ngozi, linapata tone. Siku ndoo ikikauka mchana, tunda ndilo linaanza kukosa, na mwisho wa tunda, kitako, ndipo mbali kuliko kote. Mara nyingi kalsiamu ipo, maji ndiyo yanakatika.

#47 DaktariWaNdoo
Nakubali nusu. Usisahau kwamba NPK nyingi za shambani naitrojeni yake ni amoniamu au urea zaidi kuliko naitreti. Amoniamu nyingi inashindana na kalsiamu mlangoni kwa mzizi. Potasiamu nyingi vilevile. Na chumvi nyingi inaufanya mzizi ushindwe kuvuta maji hata udongo ukiwa umelowa. Kwa hiyo ukisema ni maji, nasema ni chumvi iliyozuia maji.

#48 MamaVyungu
Na mimi nasema angekuwa anamwagilia vizuri chumvi isingekuwepo. Tunazunguka.

#49 NyunguNyungu77
Hamjataja kuvu wa mizizi. Fosforasi ikizidi mmea unapunguza urafiki na kuvu hao, maana hauna haja ya kuwalipa sukari. Upande wa chumvichumvi mmea umebaki peke yake, upande wa samadi una wasaidizi.

#50 MkemiaMstaafu
Kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mizizi kila kona, kuvu anakwenda kukutafutia wapi?

#51 NyunguNyungu77
Anaingia kwenye vitundu ambavyo mzizi haupiti.

#52 MkemiaMstaafu
Sawa. Nipe ushahidi kwenye ndoo.

#53 NgojaWaje
Kiti kimeanza kuniuma lakini sitoki.

#54 KopoLaRangi
Wakuu, asanteni. Leo nimepindua ndoo mbili, moja ya kila upande, nikazipiga picha, ila acha nieleze kwa maneno maana simu imegoma.

Ya samadi: tope jeusi chini ya matundu, linanuka yai bovu, mizizi imeishia juu ya mstari wa maji kama imekatwa na kisu. Juu ya hapo mizizi myeupe mingi, maranda yamebaki vipande vichache vyeusi. Nyungunyungu wawili, sijui waliingiaje.

Ya chumvichumvi: mizizi imejaa mpaka chini, ila upande mmoja wa ndoo ni ya kahawia, imekauka, ukiigusa inakatika. Upande wa pili mizima kabisa.

Hapo nikamkumbuka Shaba. Mkuu samahani kwa kuchelewa. Mstari wa chumvichumvi ndio uko ukutani. Ukuta ni mweupe, unapigwa na jua kuanzia saa nane mpaka jioni. Nimeweka kiganja kwenye ubavu wa ndoo saa kumi, nimeshindwa kukiacha. Ndoo ni nyeusi. Upande ulioungua ni huohuo wa jua.

#55 Shaba
Nilikuuliza #6. Nikakuuliza tena #27.

#56 DaktariWaNdoo
Sasa ngoja. Joto linaua mizizi, sawa, lakini chumvi ipo pia, ukoko ameuona. Joto lingekuwa peke yake tusingeona ukoko.

#57 Shaba
Ukoko unaletwa na maji kukauka haraka, na maji yanakauka haraka kwa sababu ya joto. Ndoo za samadi zingekuwa pale ukutani zingeungua vilevile, nazo wala hazina chumvi yako.

#58 SautiYaMajani
Samadi nayo ina chumvi. Ya kuku hasa, nayo inaunguza.

#59 MzeeWaMboji
Na udongo wenye mboji unashika maji zaidi, huenda zingevumilia joto hata ukutani. Hakuna anayejua, kwa sababu hazikuwekwa.

#60 BibiMchicha
Kwa hiyo wiki tisa tumekuwa tunapima ukuta.

#61 KopoLaRangi
Bibi umeniua. Ila nimeshachukua hatua. Jioni hii nimetoboa matundu ya chini ndoo zote, nimepitisha maji lita 40 kila ndoo ya chumvichumvi kama alivyosema MamaVyungu, nimezipaka ndoo chokaa nyeupe, na nimebadilishana mistari: sita za samadi ziko ukutani, sita za chumvichumvi zimekuja kivulini. Na NPK sasa nitaiyeyusha.

#62 MkemiaMstaafu
Umebadilisha matundu, chumvi, rangi, jua na kipimo cha mbolea kwa jioni moja?

#63 DaktariWaNdoo
Hata zikipona hatutajua zimeponywa na nini. Zikifa hatutajua zimeuawa na nini.

#64 Tundika
Lakini zitakuwa zimependeza na chokaa.

#65 MamaVyungu
Mwacheni, anataka nyanya, hataki shahada. Ningekuwa yeye ningefanya hivyohivyo. Halafu msimu ujao ningechanganya: mboji iliyoiva sehemu moja kwa tano kwenye udongo, na chumvichumvi nyepesi kwenye maji. Vyungu vyangu vingi vinaishi hivyo na havijawahi kuniuliza mimi ni wa kambi gani.

#66 NyunguNyungu77
Naitrojeni nyepesi sawa, fosforasi punguza. Kuvu.

#67 MkemiaMstaafu
Ushahidi.

#68 KopoLaRangi
Nimetoka tena na tochi kuhesabu. Kuna ndoo moja ya chumvichumvi, namba 7, ya kona kabisa. Giza lilinikuta, sikuitoboa, sikuimwagia, sikuipaka, haijahama. Niimalizie asubuhi?

#69 MkemiaMstaafu
Ndoo moja si jaribio.

#70 Shaba
Usiiguse.

#71 DaktariWaNdoo
Usiiguse.

#72 BibiMchicha
Mwanangu, hata mimi nasema usiiguse.